Nyuma ya Sikio la Dada Yangu

Utotoni ngozi yangu haikuniletea taabu kubwa, na hilo ndilo lililonidanganya. Nilizaliwa kwenye vilima vya chai vya Kericho, ambako baba yangu, mkimbizi wa vita vya zamani kutoka Kajo-Keji, upande wa Juba, alipata kazi ya kuchuma majani na hakurudi tena kwao. Kule ukungu ulikaa juu ya mashamba mpaka saa nne asubuhi, na alasiri mvua ilinyesha karibu kila siku. Jua tulilisubiri ili nguo zikauke. Katika watoto watano wa mama yangu, wawili tulizaliwa na ualbino: Keji, aliyekuwa wa pili, na mimi, Wani, kitinda mimba. Mama alitushonea kofia za kitambaa, nasi tulizivua mara tu tulipofika njiani kwa sababu wenzetu walizicheka. Miezi ya Januari na Februari pua zetu zilichubuka, mama akazipaka mafuta, zikapona. Nilimaliza kidato cha nne nikiamini kwamba ngozi ni kitu kinachochubuka na kupona.

Haya namwandikia mtu ambaye simjui. Labda una ngozi kama yangu, au mtoto wako anayo, na umehamia mahali ambapo jua si lile ulilokulia. Una kidonda, na kila asubuhi unajiambia kuwa leo kina nafuu. Mimi si daktari. Nitakueleza tu jinsi dada yangu na mimi tulivyochelewa, maana tulipokuwa tunachelewa hatukujua kwamba tunachelewa. Kila siku ilikuwa na sababu yake nzuri.

Baada ya shule sikukaa mahali pamoja. Nilijifunza kuandika mabango Nakuru, nikaenda Kitale, nikavuka mpaka hadi Kampala, nikapanda Gulu, nikafika Arua. Macho yetu hayaoni mbali, na yangu hutetemeka, kwa hiyo huandika nikiwa nimeukaribia ubao sana; watu husema naandika kwa pua. Kila mji niliupenda miezi sita, kisha nikaanza kuukumbuka ule niliouacha. Keji hakuwa hivyo. Aliolewa katika kambi ya wakimbizi Uganda, akahamia Juba mara tu amani iliposainiwa kwetu, akapata kiwanja Gumbo, ng'ambo ya daraja, kando ya barabara ya Nimule ambako malori hupumzika. Akajenga vyumba viwili vya matofali na mbele yake akasimamisha rakuba, kibanda cha nguzo na nyasi, akauza chai na mandazi. Mumewe alikuwa amefia Uganda. Binti yao, Yeno, aliyezaliwa mweusi mwenye macho makali kama ya kunguru, alibaki shuleni Kampala, na baadaye akasomea ualimu hukohuko.

Siku moja Keji alinipigia simu. "Wani, uhuru umekuja, nchi imepatikana. Kila mtu anafungua duka na hakuna anayejua kuandika jina lake ukutani. Njoo."

Nikaenda. Nilifika mwishoni mwa kiangazi. Jua la Juba halitoki juu peke yake. Linatoka kwenye mabati, kwenye mchanga mweupe wa barabara, kwenye maji ya mto unapovuka daraja. Wiki ya kwanza masikio yangu yalitoa malengelenge, wiki ya pili yakachunika. Jirani yetu Mama Gloria, aliyekuwa amerudi kutoka kambi ya Adjumani, Uganda, aliniletea mafuta ya lulu, yale yanayokamuliwa kwenye mbegu za mti wa porini.

"Paka hii, Usta," aliniambia. Mafundi wote Juba huitwa hivyo. "Mwili yako bado mgeni. Itazoea."

Kila mtu alisema itazoea. Ngozi kama yetu haizoei. Mtu mwenye rangi huongezeka weusi kidogo, na rangi ile ikamkinga. Sisi rangi hiyo hatuna. Jua la leo hulimbikizwa juu ya jua la jana, na mafuta ya lulu hulainisha ngozi kavu vizuri sana, lakini jua hayalizuii hata kidogo.

Kofia pana ingenisaidia. Keji alinitafutia moja ya ukindu, nami nikaitundika msumarini, ikabaki hapo. Siku zile sisi tuliorudi kutoka Uganda na Kenya tulikuwa tunapimwa. Wale waliobaki nchini wakati wa vita vya zamani walikuwa na jibu moja kila tulipolalamikia maji, mbu au joto: "Ninyi mlikula chapati, sisi tulikula majani ya porini." Kwetu sisi wawili ilizidi, kwa sababu tayari tulikuwa tunaitwa kawaja, jina la Wazungu. Nilipopanda ngazi mtaa wa Thongpiny kuandika jina la hoteli, madereva walipaza sauti kutoka barabarani.

"Kawaja! Shuka, utayeyuka kama siagi!"

"Siagi ya nyumbani haiyeyuki!" niliwajibu, nao wakacheka, nami nikavua shati. Ndiyo, nilivua shati, saa saba mchana, juu ya ngazi. Nilitaka waone kwamba na mimi ni wa pale.

Kidonda kilikuja na mvua. Msimu wa mvua huleta mdudu mwembamba, mwekundu kwa mweusi, ambaye ukimponda juu ya ngozi anaacha mstari wa moto. Mji mzima hutembea na alama hizo shingoni na mashavuni, na mji mzima huzipaka dawa ya meno. Kwa hiyo nilipohisi kidoa kinachowasha kwenye panja la kushoto, kati ya jicho na sikio, na kingine juu ya ukingo wa sikio lenyewe, sikumwuliza mtu.

"Mdudu amekukojolea," Keji alisema akicheka. Naye alikuwa na chake nyuma ya sikio la kulia, pale kitambaa chake cha kichwa kilipoishia. Tukapakana dawa ya meno kama watoto.

Alama ya mdudu huisha kwa wiki mbili. Zetu zilitoa kigaga, kigaga kikadondoka, chini yake pakawa pabichi panatoa majimaji, kisha kigaga kikarudi. Kila kigaga kilipotokea tuliita kupona.

Hapa ndipo penye kosa letu kubwa, na sidhani kama watu wenye macho mazima wangelifanya. Kioo hakitusaidii. Nikikikaribia kiasi cha kujiona, pumzi yangu imeshakifunika. Basi tulikuwa kioo, yeye kwangu, mimi kwake. Kila asubuhi kabla hajawasha jiko la makaa, Keji alivuta kiti chake cha kamba mlangoni penye mwanga, akafungua kitambaa.

"Niangalie."

"Kidogo tu. Kinakauka."

"Kweli, Wani?"

"Kweli. Na changu?"

"Chako hata hakionekani. Kaa sawa, usitikise kichwa."

Nilichokiona nyuma ya sikio lake kilikuwa wekundu uliotawanyika wenye giza katikati. Macho yangu hayakuweza zaidi. Kidole ndicho kilichoona: ukingo mgumu ulioinuka kuzunguka shimo dogo, kama ukingo wa kizibo cha soda. Nilikipitisha kidole mara moja, nikakiondoa. Nikasema kinakauka. Nilikuwa namwambia ninachokitaka, na sikujua kwamba naye, akinishika panja kwa vidole vyake vyenye harufu ya tangawizi, alikuwa ananifanyia vilevile.

Kisha ikaja Desemba. Milio ya risasi ilianzia upande wa kambi za jeshi, ikapita Bilpam kwenye makao yao makuu, ikasambaa mjini, nasi tukaisikia ikivuka mto. Tulijifungia ndani siku sita, tukila mandazi yaliyokauka. Siku sita bila jua, na vidonda vyetu vikapoa. Wekundu ukapungua.

"Umeona?" Keji alisema. "Lilikuwa joto tu."

Tulipotoka, majirani wengi hawakuwepo tena. Wengine walikuwa wamekimbilia Uganda, wengine wamekufa, na mtaa ulikuwa na ukimya ambao sijausikia popote pengine nilikopita. Hakuna aliyekuwa anafungua hoteli. Nilizunguka nikiandika "Kiwanja hiki hakiuzwi" kwenye kuta za watu waliokuwa wanaogopa kunyang'anywa.

Mwanzo wa mvua, sikio langu lilipoanza kuchafua mto wa kulalia kwa damu, nilikwenda hospitali. Nataka nikueleze benchi lile. Lilikuwa refu, limewekwa ukutani nje, na watu walikuwa wamekaa kuanzia mwisho hadi mwisho, wengine chini. Pembeni yangu alikaa askari kijana aliyekatwa mguu juu ya goti. Mpira wa ncha ya gongo lake ulikuwa umetoboka, naye alikuwa anauchezea.

"Kawaja," akaniambia kwa upole, "wewe iko na shida gani?"

"Kidonda tu, ndugu yangu."

"Wapi?"

Nikamwonyesha. Akakitazama, akacheka bila ubaya. "Malesh, pole. Na mimi ningetaka hiyo. Tubadilishane?"

Watu wa karibu wakacheka, na mimi pia. Mwanamke mmoja mbele yetu alikuwa amempakata mtoto aliyefungwa kichwa chote bendeji. Nikajiuliza nitamwambia nini daktari anayetoka kumtibu mtoto huyu. Nikasimama, nikasema naenda kunywa maji. Sikurudi. Nilimwambia Keji kwamba daktari hakuwepo, naye akashusha pumzi kama mtu aliyepewa habari njema.

Kama unaona aibu kukaa kwenye benchi kwa sababu mwenzako ameumia zaidi, kaa tu. Yule askari hakunifukuza. Nilijifukuza mwenyewe.

Ikapita mvua ile, kiangazi, na mvua nyingine. Mwili ulibadilika polepole, nasi tukabadilika kuufuata. Nikaacha kulalia upande wa kushoto. Nikaacha kunyoa karibu na sikio. Sikio lilikuwa zito, kana kwamba mtu amelining'inizia kitu. Keji alianza kufunga vitambaa viwili, cha ndani akikifua kila siku na kukianika peke yake nyuma ya nyumba. Nzi wakaanza kumfuata kwenye chai, akawa anawapunga kwa mkono huku akizungumza na madereva, haraka haraka, asiwape nafasi ya kuuliza. Hatukuzungumzia jambo hilo zaidi ya yale maneno yetu ya asubuhi.

Aliyetuvunjia ukimya alikuwa Mama Gloria. Alikuja kuazima sufuria asubuhi moja, akatukuta mlangoni, kitambaa cha Keji kikiwa wazi. Akasimama.

"Mama Yeno," alisema. "Hii kitu iko kubwa kama ngumi ya mtoto."

"Acha wewe," Keji alisema. "Ni kidogo. Wani ananiangalia kila siku."

"Wani anaona nini? Wani anaona ng'ombe anasema mbuzi!" Akanigeukia. "Na wewe, Usta, sikio yako imekulwa. Imekulwa juu hapa. Nyinyi mnaambiana nini hapa kila asubuhi?"

Alipoondoka, sufuria mkononi, Keji aliniangalia, yaani alielekeza uso wake kwangu.

"Uliniambia kinakauka."

"Na wewe uliniambia changu hakionekani."

"Ningekuambia nini? Ungefunga begi ukaondoka Juba. Wewe ndivyo ulivyo, likitokea jambo unaondoka. Nilikuwa nimekupata tu."

Nilikuwa na hasira, kisha nikaona mabega yake yanatikisika, nikadhani anacheka. Nilipomkaribia nikaona halikuwa cheko. Tulikaa pale mpaka madereva wakaanza kupiga honi wakidai chai.

Wiki hiyo tulikwenda kwenye zahanati moja Thongpiny, tukasubiri tangu asubuhi hadi alasiri. Tabibu alituangalia wote wawili kwa kurunzi, akavua glavu taratibu. Alisema hawezi kutibu kitu kile na hataki kutudanganya kwa vidonge. Twende Kampala kwa daktari wa ngozi, wote wawili, mara moja.

Wote wawili. Hapo ndipo tulipogawanyika. Juba ya vita, nyumba isiyo na mtu ndani haikai siku tatu. Unarudi unamkuta askari na mke wake na kitanda chake, na huna wa kumshtaki.

"Nenda wewe kwanza," Keji alisema. "Sikio lako linatoka damu. Ukirudi utalala hapa, mimi nitakwenda."

"Dada, twende pamoja. Nyumba ni matofali tu."

"Ni matofali kwako. Wewe umelala kwenye nyumba ngapi za watu? Mimi hii niliifinyanga kwa mikono yangu, Wani. Nimezaliwa kambini kwa Wazungu wa chai, nimezalia kambini kwa Waganda. Sitoki hapa nikaikuta na mtu." Akapunguza sauti. "Miezi miwili tu. Changu hakiumi."

Asubuhi ya kuondoka aliniomba nimfunge kitambaa. Vidole vyangu vilipita chini ya taya lake vikakutana na tezi ngumu, kubwa kama yai la njiwa. Niliigusa, naye alijua nimeigusa. Nikakaza fundo, nikapanda basi. Nimeandika sentensi hii mara nyingi na kuifuta. Sasa naiacha.

Chumba cha kusubiri cha Kampala kilikuwa na madirisha yaliyopakwa rangi nyeupe kuzuia jua. Nilipoingia nilisimama mlangoni. Kulikuwa na watu kama kumi na mbili wenye ngozi kama yangu, wamekaa, wamevaa kofia pana na mikono mirefu, wanapiga soga. Katika maisha yangu yote sikuwahi kuwa kwenye chumba ambamo hakuna aliyenigeukia. Mwanamke mmoja mzee wa Masaka alisogea akanipisha.

"Karibu, mwanangu. Kofia yako iko wapi?"

"Iko Juba, mama. Imetundikwa."

"Kichwa kiko hapa, kofia iko Juba!" Chumba kizima kikacheka. Akafungua mfuko wake akanivalisha yake ya akiba, ya maua ya zambarau. Niliivaa miezi yote ya matibabu. Kuna mambo madogo ambayo mtu hufanyiwa akiwa mgonjwa, hayaponyi chochote, lakini ndiyo anayoyakumbuka.

Daktari alikuwa mama mfupi mwenye mikono baridi. Aliuliza kilianza lini. Nikasema, kabla ya vita. Akaweka kalamu chini. Akakata vipande viwili vidogo kupeleka maabara. Majibu yalirudi baada ya wiki moja na nusu: saratani ya ngozi, panjani na sikioni, bado haijatembea mwilini. Madoa mengine ya mikononi na shingoni, yale makavu yanayokwaruza ambayo sikuyatilia maanani, aliyagandisha kwa hewa ya baridi inayotoa moshi mweupe. Huuma kama kung'atwa na siafu, kisha basi. Alisema vile vikubwa navyo viliwahi kuwa hivi. Vingalitibiwa kwa dakika moja.

Nilifanyiwa upasuaji mara mbili. Waliondoa nusu ya juu ya sikio na nyama ya panja, wakachukua ngozi ya pajani wakaifunikia. Paja liliniuma kuliko kichwa. Ile ngozi ilihitaji kubadilishwa bendeji kila baada ya siku tatu, na mara ya kwanza haikushika vizuri, wakarudia. Miezi miwili ikawa minne.

Nilimweleza daktari habari za Keji na ile tezi. "Mlete wiki hii," alisema. "Si ukimaliza. Wiki hii." Nikapiga simu.

"Wewe pona kwanza," Keji alisema. Nyuma yake nilisikia vikombe. "Nani atalala hapa? Mama Gloria ana nyumba yake."

"Dada, daktari amesema—"

"Nimesikia. Unarudi lini?"

Nilirudi mwanzoni mwa Julai, kitambaa kichwani na kofia ya maua juu yake. Keji alikuwa amekonda, na shingo yake haikugeuka tena; akiitwa aligeuza mwili mzima. Begi lake lilikuwa tayari. Basi lake lilikuwa la Jumatatu. Ijumaa ile risasi zikaanza tena, safari hii na mizinga, na helikopta juu ya mto. Tulikimbilia kwenye uwanja wa kanisa Gumbo pamoja na maelfu ya watu, tukakaa chini ya turubai. Siku ya tatu mvua kubwa ilinyesha, maji yakapita chini yetu, naye akakaa akiwa ameinamisha kichwa upande mmoja kama ndege, kwa sababu hakuweza kulala.

Barabara ya Nimule ilifungwa. Ilipofunguliwa ilikuwa kwa magari yaliyosindikizwa na askari, na wenye vyeo na pesa ndio waliopewa nafasi kwanza. Tulisubiri wiki tano. Safari hii niliiacha nyumba wazi bila kumwuliza, naye akatangulia kupanda gari. Njiani kila shimo la barabara lilimtoa mguno, na mimi nilimshikilia shingo kwa mikono miwili kutoka Juba mpaka mpakani.

Yeno alitupokea Kampala. Alipomwona mama yake alifunga mdomo kwa kiganja, kisha akakiondoa, akamsalimu vizuri, akampokea begi. Daktari yuleyule alimpima. Kilikuwa kimetembea shingoni na kuingia kifuani. Wakampa mionzi, siku tano kwa wiki, wiki tatu, ya kupunguza maumivu, walisema. Ilipunguza. Kwa mwezi mmoja aliweza kumeza uji na kutukana wauguzi kwa Kikuku, lugha ya kwetu ambayo hawakuielewa, na tulicheka sana mwezi huo.

Siku moja mchana, Yeno akiwa chuoni, Keji aliniambia, "Ulikuwa unajua, siku ile ya basi."

"Nilijua."

"Na mimi nilijua unajua." Akavuta shuka kifuani. "Ningelikuwa na macho yangu mwenyewe, Wani, ningelikuja mapema. Lakini nilipenda ulivyokuwa unaniambia. Kila asubuhi mtu ananiambia kitu kizuri."

Nilimwomba msamaha. Hakusema amenisamehe na hakusema hajanisamehe. Aliniomba maji.

Alifariki kiangazi kilipoanza, tukamzika Kampala, kwa sababu barabara ilikuwa na mashambulizi tena na hapakuwa na gari la kubeba maiti lililokubali. Nyumba ya Gumbo ina watu. Nimepita mara moja. Wamebomoa rakuba, wamejenga ukuta. Sikugonga.

Nimerudi Juba hata hivyo. Yeno alipata kazi ya kufundisha hapa, na sikutaka akae peke yake. Naandika mabango tangu alfajiri mpaka saa tatu, kisha baada ya saa kumi na moja jioni. Navaa mikono mirefu, kofia pana, na losheni ya kukinga jua ninayoletewa na madereva kutoka Kampala. Bado wananiita kawaja. Bado nakumbuka ukungu wa Kericho, na kila kiangazi nafikiria kuondoka, na kila kiangazi nabaki.

Sasa jambo nililokusudia kukuambia. Kidonda ambacho hakijafunga kwa wiki nne, nenda. Kinachofunga na kufunguka tena, hicho hakijafunga, nenda. Doa linalokwaruza kama msasa na haliondoki, kinyama kinachoinuka, kinachotoa damu ukijifuta uso, nenda hata kama hakiumi, hasa kama hakiumi. Ukiwa na ngozi kama yetu na umehamia penye jua kali, nenda kabla ya kidonda chochote, mara mbili kwa mwaka, upimwe mwili mzima. Na usiangaliwe na mtu anayekuonea huruma tu. Tafuta mwenye macho mazuri atakayekuambia anachokiona.

Jumapili iliyopita baada ya ibada Yeno alinikalisha uani, kama afanyavyo kila baada ya miezi miwili. Alianza kisogoni, akashuka shingoni, akageuza mikono yangu. Kwenye mgongo wa mkono wa kulia akasimama.

"Mjomba, hii ni nini?"

"Rangi, labda. Nimeandika bango jana."

Akakwaruza kwa ukucha. "Si rangi."

"Basi ni kidogo tu."

"Sijakuuliza ukubwa," alisema. Sauti yake ilikuwa ya darasani, lakini mkono wake ulikuwa umeshika wangu kwa nguvu sana. "Nimekuuliza ni nini, na kiko hapo tangu lini."

Nilifungua mdomo kusema wiki moja.

"Wiki sita," nikamwambia.

Akaingia ndani kumpigia simu dereva wa basi la Kampala anishikie nafasi.